Maswali ya Wasomaji: Kulungu Umlenge Wapi, na Umwache Lini

Novemba ikikaribia, barua za ukurasa huu hubadilika. Maswali ya kodi na leseni ya udereva hupungua, na wasomaji wetu wa Ohio, Pennsylvania, Minnesota na Kentucky huanza kuuliza habari za kulungu. Safari hii tumechagua barua zinazogusa jambo moja: kupiga risasi inayoua upesi, mnyama asiteseke wala nyama isiozee msituni.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Nyumbani wako wanaomwita pongo kulungu. Anayezungumzwa hapa ni yule wa mkia mweupe wa Amerika Kaskazini, ambaye dume lake huangusha mapembe kila majira ya baridi na kuotesha mengine. Pongo hafanyi hivyo. Kifuani, hata hivyo, viungo vimepangwa vilevile, kwa hiyo aliyezoea kuchuna swala hatakuwa mgeni sana.

SWALI: *Nilifunzwa kulenga "nyuma ya bega". Mwaka jana nikafanya hivyohivyo, umbali wa mita 60 tu, dume akiwa amenielekea kwa mshazari. Akakunja mgongo, akaondoka polepole. Nilimpata kesho yake ameshaanza kunuka. Nilikosea wapi?* — Msomaji, Dayton, Ohio

JIBU: Kosa ni la pembe, na hatusemi zile za kichwani. "Nyuma ya bega" ni maneno ya kweli kwa mnyama aliyekupa ubavu kamili. Akigeuka kidogo tu, maneno hayo huwa mtego.

Kifua cha kulungu kina mbavu jozi 13. Mapafu yamekaa mbele, sehemu kubwa ikifunikwa na bega lenyewe, na moyo uko chini kabisa, kwenye usawa wa kiwiko cha mguu wa mbele au juu yake kidogo. Nyuma ya mapafu kuna kiwambo, nyuma ya kiwambo ini, na nyuma ya ini tumbo lililojaa majani. Kutoka mapafu hadi tumboni si mbali, ni upana wa kiganja au viwili. Dume wako alipokuelekea kwa mshazari, risasi iliingia nyuma ya bega la karibu, ikagusa ncha ya pafu moja ikiwa una bahati, ikapita kwenye ini na kuishia tumboni. Kule kukunja mgongo na kuondoka polepole ndiyo dalili yenyewe ya risasi ya tumbo.

Acha kufikiria alama iliyochorwa kwenye ngozi. Fikiria mpira wa miguu namba 5 uliofungwa kifuani, katikati ya miguu miwili ya mbele. Kipenyo cha mpira huo ni kama sentimita 22, na moyo na mapafu ya kulungu mkubwa hukaa karibu katika nafasi hiyo. Kazi yako ni risasi ipite katikati ya mpira, mnyama awe amegeukia upande gani. Akiwa ubavu kamili, panda na mstari wa nyuma wa mguu wa mbele kutoka chini ya kifua, usimame theluthi moja ya kimo cha mwili. Akiwa amekupa mgongo kwa mshazari, risasi iingie nyuma zaidi, kwenye mbavu za katikati, ikielekea mguu wa mbele wa upande wa pili. Mguu huo wa mbali ndio alama yako. Akiwa amekuelekea kwa mshazari kama dume wako, mwenye raifo yenye nguvu anaweza kupiga mbele ya bega la karibu. Lakini hapo kuna mifupa, na nafasi ya kukosea ni ndogo. Mwindaji mpya asubiri. Kulungu anayekula hageuki mara moja, hugeuka mara kumi.

Kuhusu kimo, wengi hupiga juu mno. Uti wa mgongo hauko pale unapouona mstari wa mgongo. Kwenye mabega umezama chini, na juu yake kuna miiba mirefu ya mfupa na nyama. Risasi ikipita hapo, kulungu huanguka kama gunia kwa mshtuko, mwindaji anaanza kupongezwa kwa simu, na baada ya nusu dakika mnyama anainuka na kwenda zake. Kwa hiyo akianguka papo hapo, weka risasi nyingine chemba, macho yasimwache.

SWALI: *Kulungu alisimama ananitazama uso kwa uso kwa muda mrefu. Sikupiga, wenzangu wakanicheka. Ningepiga kifuani au kichwani?* — Dada msomaji, Lancaster, Pennsylvania

JIBU: Ulifanya sawa, dada. Wenzako wacheke.

Uso kwa uso, mlango wa kufikia mapafu ni mwembamba, na risasi ikipotoka kidogo huchana bega au hupita kandokando ya mbavu hadi tumboni. Kichwa ni kibaya zaidi. Ubongo ni mdogo, unakaa juu na nyuma, na kichwa ndicho kiungo kinachotikisika kuliko vyote. Ukikosa kwa sentimita chache unavunja taya, na mnyama asiyeweza kutafuna hufa kwa njaa baada ya siku nyingi. Usimpige aliyekupa mgongo kabisa, wala anayekimbia, wala aliyesimama juu ya kilima huku nyuma yake ni anga tupu na hujui risasi itatua wapi. Akiwa na wenzake, tazama nyuma yake pia, kwa sababu risasi ya raifo hupenya wa kwanza na kumjeruhi wa pili.

Na vijiti! Tawi nene kama kidole, ambalo darubini imelifuta kwa sababu liko karibu nawe, linatosha kupotosha risasi.

SWALI: *Assalaam alaykum. Mimi hulenga shingo ili damu itoke kama ya kuchinja, nyama iwe halali bila shaka. Jirani ananiambia nitakuja kujuta. Nani mwenye haki?* — Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Waalaykum salaam. Hukumu ya dini ni ya shehe wako, sisi tutajibu la bunduki. Kwenye bunduki jirani ana haki.

Shingo ya kulungu, hasa dume wa Novemba, inaonekana nene, lakini kinachoua ndani yake ni chembamba: uti wa mgongo na mishipa mikubwa ya damu. Vilivyobaki ni nyama na koo. Risasi ikitoboa koo peke yake, mnyama hukimbia akiwa mzima wa miguu, damu kidogo, na humpati. Damu unayoitaka hutoka zaidi kwa risasi ya mapafu. Mapafu yote mawili yakitobolewa, kifua hujaa damu, na kulungu kwa kawaida huanguka ndani ya mita 150. Ukimpasua utaona lita nzima za damu zikimwagika kutoka kifuani. Nyama imechujika.

Kwa upande wa sheria ya dini, mawindo yana mlango wake. Unataja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua, chombo kinatoboa mwili, na ukimkuta bado ana uhai wa kutosha unamchinja. Katika hadithi ya Adi bin Hatim imo pia habari ya mnyama anayepatikana baada ya siku moja au mbili bila alama nyingine ila ya mshale wako, kwamba unaweza kumla, na ya aliyepatikana amezama majini, kwamba usimle. Kwa hiyo usimpige kulungu aliyesimama ukingoni mwa bwawa au mto. Aliyejeruhiwa hukimbilia majini mara nyingi, na hapo utakuwa umejiharibia mwenyewe.

Ukimfikia, mwendee kwa upande wa mgongo, usipite karibu na kwato wala mapembe. Kata fimbo ndefu, uguse mboni ya jicho. Jicho la mfu liko wazi na halipepesi. Likipepesa, na bado ana nguvu za kurusha miguu, rudi nyuma umpige risasi ya pili kifuani, kwa sababu kisu mkononi na kulungu anayefurukuta ni safari ya hospitali. Kwenye maeneo ya ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu usimpige kichwani hata hapo. Maabara hupima tezi za koo na shina la ubongo, na ukivivuruga hakuna cha kupimwa.

SWALI: *Nimenunua bunduki na darubini, fundi wa dukani akaniambia ameshaiweka sawa. Naweza kuingia nayo msituni? Na nipige mwisho umbali gani?* — Msomaji, Louisville, Kentucky

JIBU: Usiingie nayo. Fundi ameipanga kwa taa ya leza iliyochomekwa kwenye mtutu, na kazi ya leza hiyo ni kuhakikisha risasi yako ya kwanza itaonekana kwenye karatasi, basi.

Anza yadi 25, bunduki imelazwa juu ya mifuko ya mchanga, mbele na nyuma. Piga tatu, tafuta katikati yake, rekebisha. Darubini nyingi za uwindaji zimeandikwa robo inchi kwa kliki, maana yake kliki moja husogeza kama milimita 6 na nusu kwa yadi 100. Kwa yadi 25 kliki hiyohiyo husogeza robo tu ya hapo. Ndiyo sababu watu huchoma risasi boksi zima wakishangaa. Kukosa kwa sentimita 2 kwenye yadi 25 ni kliki 12, na kukosa huko huko kwenye yadi 100 ni kliki 3. Ukishakuwa katikati, nenda yadi 100, uache mtutu upoe kati ya kila risasi tatu. Mtutu wa moto hutawanya. Siku ya pili rudi upige moja tu, mtutu ukiwa baridi, kwa sababu hiyo ndiyo risasi utakayopiga msituni.

Alama zikitapakaa ovyo, usikimbilie kugeuza darubini. Kaza kwanza skrubu zinazoishika. Kisha tazama kama umechanganya risasi za aina mbili. Mwisho jitazame mwenyewe: wengi hufumba jicho na kuvuta kifyatuo kwa pupa kwa kuogopa mlio. Mwenzako akupakilie bunduki, mara nyingine aweke ganda tupu bila kukuambia. Mtutu ukichota chini pale ambapo hakuna mlio, ugonjwa umeonekana.

Umbali wako wa mwisho hausomwi kwenye boksi la risasi. Chukua sahani za karatasi, zile za kulia pilau kwenye sherehe, zenye upana wa sentimita 23 hivi. Ziweke yadi 50, kisha 75, 100, 150. Piga ukiwa umekaa, umepiga goti, umesimama ukiegemea fimbo, namna utakavyokuwa porini. Pale unapotia risasi tano kati ya tano kwenye sahani ndipo mwisho wako kwa mkao huo. Nne kati ya tano hazitoshi, maana ile ya tano ni taya au tumbo. Kwa kusimama bila egemeo, watu wengi hushangaa kuona mwisho wao hauvuki yadi 50.

Kwa kukupa picha, risasi ya .308 yenye uzito wa grein 150, yaani gramu 9.7, iliyowekwa sawa kwa yadi 100, hushuka kama sentimita 9 au 10 ikifika yadi 200, na zaidi ya sentimita 30 ikifika 300. Yadi 200 bado inasameheka, 300 haisameheki kwa kukisia. Wasomaji wa Ohio wakumbuke kwamba kwao raifo zinazoruhusiwa kwa kulungu ni za maganda yaliyonyooka bila shingo, kama .350 Legend na .450 Bushmaster, ambazo hushuka mapema zaidi. Shotigani ya mtutu laini isivuke yadi 75. Aina ya risasi, .243 au .270 au .30-06, zote zinaua kulungu vizuri. Tumepokea barua nyingi za kutaka tuamue ugomvi huo, na hatuamui.

SWALI: *Nikishapiga akakimbia, nisubiri au nimfuate? Kila mtu ananipa saa zake.* — Msomaji, Rochester, Minnesota

JIBU: Saa hutegemea ulichopiga, na ulichopiga kimeandikwa chini. Kabla ya kushuka kwenye dungu, shika alama mbili kwa macho: pale alipokuwa amesimama, na mti wa mwisho uliomwona akipita. Kutoka juu unaona vizuri. Ukifika chini, msitu wote unafanana.

Alivyostuka nako ni habari. Aliyerusha miguu ya nyuma kama punda kisha akatimka chini kwa chini, mara nyingi amepigwa moyo au mapafu. Aliyejikunja na kutembea ni tumbo au ini.

Nenda pale aliposimama, upige magoti. Usitembee juu ya alama. Tafuta manyoya. Meupe, marefu na magumu hutoka chini ya tumbo, ya kahawia yenye ncha nyeusi hutoka ubavuni na mgongoni. Kisha damu, uitazame kwa karibu na uipake kati ya vidole. Damu ya mapafu ni nyekundu ya waridi, nyepesi, yenye vipovu vidogovidogo kama povu la sabuni, na ikishakauka kwenye jani huacha vishimo vya povu hilo. Damu ya ini ni nyekundu iliyoiva, karibu na rangi ya zambarau, haina povu. Ya tumbo ni chache, ya majimaji, ina chembe za kijani au za kahawia. Inuse. Harufu ya majani yaliyochacha haikosewi. Damu nyekundu iliyoanza kwa wingi ikakatika baada ya mita 100 au 200 ni ya nyama tu, ya paja au ya bega.

Mapafu au moyo: subiri nusu saa, hata kama unaamini umemwona akianguka. Ini: saa 3 hadi 4. Tumbo: saa 8 hadi 12. Sababu ni kwamba kulungu aliyeumia ndani asipofukuzwa hulala karibu, mara nyingi ndani ya mita 200, na hafanyi tena safari. Ukimwinua mapema, woga humpa nguvu ya kwenda kilomita nzima, damu imeshaganda na tundu limezibwa na utumbo. Ugumu unakuja usiku ukiwa na joto. Kwenye nyuzi 4 za Selsiasi kushuka chini, mwache hadi asubuhi bila wasiwasi. Ikizidi 10 nyama itaanza kuharibika, na hata hivyo kwa risasi ya tumbo tunasema subiri. Nyama iliyoharibika nusu ni afadhali kuliko mnyama anayekufa wiki nzima kwenye shamba la mtu.

Unapofuata, pita kandokando ya mstari wa damu. Funga karatasi ya chooni kwenye kila alama. Damu ikipotea, geuka utazame nyuma, na zile karatasi zitakuonyesha alikokuwa anaelekea. Tazama pia pande za miti kwenye kimo cha ubavu wake, si ardhini tu. Ukifika kwenye uzio wa mwenzio, simama ubishe hodi. Katika majimbo mengi kumfuata kulungu wako ndani ya shamba la mtu bila ruhusa ni kosa, na jirani uliyemwomba jana kwa heshima hatakunyima leo.

SWALI: *Mimi ni wa upinde. Kulungu huinama mshale ukiwa njiani! Nifanyeje?* — Msomaji, Erie, Pennsylvania

JIBU: Hainami kukukwepa, anajikunja ili aruke. Mshale wa upinde wa kisasa huenda kama mita 85 kwa sekunde, na sauti huenda 340. Kwa mita 30, mlio wa uzi humfikia robo sekunde kabla ya mshale, na robo sekunde inamtosha kushuka kimo cha kiganja. Kaa ndani ya mita 20 hadi 25. Usimpige aliyesimamisha masikio akikutazama. Lenga theluthi ya chini, ili akishuka mshale ukute mapafu, asiposhuka ukute moyo. Ngoja mguu wa mbele wa karibu usonge mbele, mbavu zifunguke, kwa sababu mshale hauvunji bega kama risasi. Chembe za mishale ziwe mpya au zimenolewa hadi zinyoe nywele za mkono. Mshale huua kwa kukata mishipa, na chembe butu husukuma mishipa pembeni.

Ukiwa kwenye dungu la mita 5 au 6, kulungu aliye chini yako kabisa ni wa kumwacha apite. Mshale ukishuka wima hutoboa pafu moja, na mwenye pafu moja huenda mbali sana. Akifika mita 15 kutoka kwenye shina, sasa fikiria mshale utatokea wapi upande wa pili, ndipo uachie. Mkanda wa usalama uufunge tangu mguu ukiwa ardhini. Upinde au bunduki tupu vuta kwa kamba ukishakaa.

SWALI: *Nasikia nyama ya kulungu ina madini ya risasi. Nina mtoto wa miaka miwili. Nimpe?* — Mama msomaji, Minneapolis

JIBU: Mwaka 2008 Idara ya Maliasili ya Minnesota ilipiga mizoga ya kondoo kwa risasi za aina mbalimbali na kuitazama kwa eksrei. Vipande vidogo vya madini vilionekana mbali na jeraha kuliko wengi walivyodhani, vingine vidogo kiasi cha kutosikika kwa jino, na kuosha jeraha kwa maji kulivitawanya zaidi. Kwa hiyo mama, usioshe. Kata na utupe nyama yote iliyovia damu, pamoja na upana wa ziada pembeni yake. Mtoto mdogo na mjamzito wapewe nyama ya paja la nyuma, iliyo mbali na kifua, na si ya kusaga iliyochanganywa na ya wengine kwenye bucha. Mwambie baba wa mtoto anunue risasi za shaba tupu, ambazo hazipasuki vipande hivyo. Za shaba zinahitaji mwendo mkali ili zichanue, kwa hiyo apunguze umbali kidogo. Na kwa kuwa hazitui mahali pamoja na zile za zamani, arudi kwanza kwenye sahani ya pilau.